Soma Hadi Nukta: Mwongozo wa Kuielewa Sheria kwa Asiye Mwanasheria

Kuna sheria moja ambayo karibu kila mtu mtaani anaijua, ila haimo katika kitabu chochote: ukikaa na mwanamke miezi sita, huyo ni mkeo. Wengine husema miaka miwili, na hao wamekaribia. Kilichoandikwa kiko katika kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Kwa maneno ya kawaida kinasema hivi: ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watambulike kuwa mume na mke, patakuwa na dhana, inayoweza kukanushwa, kwamba walifunga ndoa halali.

Sasa hesabu yaliyomo humo. Jambo lazima lithibitishwe, halitoshi kudaiwa. Wawe wameishi pamoja, si kutembeleana. Iwe miaka miwili au zaidi. Watu wawe wanawajua kama mume na mke. Na hata hayo yote yakitimia, wanachopata ni dhana tu, na upande wa pili unaruhusiwa kuibomoa kwa ushahidi, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba mmoja wao alikuwa tayari ndani ya ndoa isiyomruhusu kuongeza nyingine. Mtaa umeokota tarakimu, sentensi yote ukaiacha chini.

Makosa mengi ya kusoma sheria ni ya namna hiyo. Msomaji hakosi akili wala elimu. Anasimama kabla sentensi haijaisha. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kusoma sheria ya Tanzania hatua kwa hatua, kama unavyoweza kufanya mwenyewe mezani kwako kabla hujamlipa wakili, au kabla hujasaini barua usiyoielewa.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba tunayo sheria inayofundisha kusoma sheria nyingine. Inaitwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na ndiyo Sura ya 1 katika orodha nzima ya sheria za nchi. Zanzibar ina sheria yake ya aina hiyo. Namba za vifungu nitakazotaja hapa ni za Urekebu wa mwaka 2019, yaani toleo la sheria zilizorekebishwa. Ukiwa na Urekebu wa 2023, ulioanza kutumika Julai 2025, kagua namba upya, kwa sababu katika sheria kadhaa vifungu vimehama.

1. Hakikisha ulichoshika ni sheria, na kwamba inatumika

Karatasi nyingi zinazozunguka kwenye simu ni miswada. Muswada ni pendekezo. Hauwi sheria mpaka Bunge liupitishe na Rais auridhie. Hata baada ya hapo usiharakishe: kwa kifungu cha 14 cha Sura ya 1, sheria huanza kutumika siku inapochapishwa katika Gazeti la Serikali, au tarehe nyingine iliyopangwa. Tarehe hizo mbili zinaweza kuachana sana. Sura ya 1 yenyewe ni mfano: ni Sheria Namba 4 ya mwaka 1996, lakini ilianza kutumika Septemba 2004. Mtu aliyeitegemea mwaka 2000 alikuwa ameshika sheria iliyotungwa na bado haijaanza kazi.

Kisha angalia umeshika sheria ya ngazi gani. Juu kabisa ni Katiba; ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayopingana nayo ni batili kwa kiwango inachopingana. Chini yake kuna sheria za Bunge. Chini ya hizo kuna kanuni za mawaziri, zinazotoka kama Matangazo ya Serikali, na sheria ndogo za halmashauri na vijiji. Hizi za chini hazijitungi zenyewe. Kila moja inachota nguvu kutoka sheria mama, na kifungu cha 36 cha Sura ya 1 kinasema sheria ndogo ikipingana na sheria mama, au na sheria nyingine yoyote ya Bunge, ni batili kwa kiwango hicho.

Kwa hiyo mgambo akikuonyesha karatasi ya ushuru, swali la kuuliza kwa adabu ni hili: ushuru huu umewekwa na sheria ndogo ipi, ya mwaka gani, chini ya sheria mama ipi? Uamuzi wa kikao peke yake si sheria ndogo.

2. Anzia kwenye kifungu cha tafsiri

Karibu kila sheria ina kifungu cha tafsiri, mara nyingi cha 2, 3 au 4. Wengi hukiruka kwa sababu kinachosha, lakini humo ndimo sheria inamokwambia neno lina maana gani kwa kazi yake, hata kama maana hiyo si ile ya sokoni au ya kamusi.

Tazama kitenzi kinachotumika. Ikiandikwa neno fulani *maana yake ni* hiki na hiki, mlango umefungwa: kisichotajwa hakimo. Ikiandikwa *linajumuisha* au *ni pamoja na*, mlango umeachwa wazi: vilivyotajwa vimo, na maana ya kawaida ya neno bado inaishi. Ugomvi mwingi kuhusu kama kitu fulani kimo au hakimo huishia hapo hapo.

Neno lisipofafanuliwa ndani ya sheria yenyewe, nenda kifungu cha 4 cha Sura ya 1. Humo utakuta maneno yanayotumika katika sheria zote. Mfano ni *mtu*. Sisi tukisikia mtu tunawaza mwenye kichwa na miguu miwili. Sheria inahesabu humo kampuni, vyama na mashirika. Hivyo kifungu kinachosema "mtu hataruhusiwa kumwaga taka mtoni" kinamgusa mwenye kiwanda hata kama kiwanda ni kampuni. *Mwezi* nao ni mwezi wa kalenda, si siku thelathini za kukadiria.

Sura ya 1 ina pia kifungu cha 8, kinachosema maneno ya jinsia moja yanajumuisha nyingine, na umoja unajumuisha wingi. Sehemu ya kwanza ilihitajika zaidi kwa sababu ya Kiingereza. Kiswahili kina heri yake: neno "atakayevunja" halina mume wala mke. Ila umoja na wingi bado vinahitaji msaada huo: sheria ikisema "mwenye nyumba", nanyi mko wanne mnaoimiliki pamoja, wote mmo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria kwa mujibu wa kifungu cha 84 cha Sura ya 1, lakini sheria nyingi zilizotungwa kabla ya hapo ziliandikwa kwa Kiingereza. Ukisoma tafsiri yake na jambo likawa zito, linganisha na nakala ya lugha iliyotungiwa, kwani mashaka yakizuka kati ya matini mbili, kanuni iliyozoeleka huipa nguvu ile ya awali. Katiba ya 1977 ni kinyume chake: hiyo ilitungwa kwa Kiswahili.

3. Soma kifungu chote, kisha majirani zake

Mfanyakazi anakwenda likizo. Katikati inaingia Idi na siku nyingine ya mapumziko. Anarudi akidai aongezewe siku mbili. Je, ana haki? Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa angalau siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, na sentensi hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba siku hizo zinajumuisha sikukuu zitakazoangukia ndani yake. Aliyeishia kwenye 28 atagombana na mwajiri bure. Lakini neno *angalau* nalo lisikupite: mkataba unaweza kutoa zaidi.

Ukimaliza kifungu, tafuta maneno ya kuunganisha, kwa kuwa ndiyo yanayokuonyesha nani mkubwa kati ya vifungu viwili:

- *Kwa kuzingatia masharti ya kifungu cha 12*: unachosoma kiko chini ya kifungu cha 12. Kikisigana nacho, cha 12 kinatawala.
- *Bila kujali masharti ya kifungu cha 12*: hapa mambo yamegeuka. Unachosoma ndicho kinachotawala.
- *Bila kuathiri*: kimoja hakipunguzi kingine, vyote viwili vinaendelea kusimama.
- *Isipokuwa kwamba*: unakuja mlango wa kutokea. Mara nyingi kesi nzima imefichwa baada ya neno hili.

Vichwa vidogo vya vifungu vitakusaidia kujua uko wapi, kama kibao cha barabarani, lakini usivitumie kushinda maneno ya kifungu chenyewe. Majedwali ya mwisho usiyaache: viwango vya ada, fomu na orodha za makosa hukaa huko.

4. Maneno madogo yenye uzito

Katika mazungumzo, "mwenye nyumba atatoa risiti" ni ahadi, pengine matumaini tu. Katika sheria ni amri. Kiambishi *-ta-* ndicho kinachotumiwa na Kiswahili kubeba wajibu, na kifungu cha 53 cha Sura ya 1 kinasema jukumu lililowekwa kwa namna hiyo lazima litekelezwe. *Anaweza*, kinyume chake, hutoa uwezo ambao aliyepewa ana hiari ya kuutumia au kutoutumia. "Afisa atatoa kibali" na "Afisa anaweza kutoa kibali" ni sentensi mbili zilizo mbali sana. Kwa ile ya kwanza, ukitimiza masharti unadai haki yako. Kwa ya pili unaomba, ingawa hata mwenye hiari hatakiwi kuitumia kwa chuki au upendeleo.

Uwe na tahadhari moja. Pale utaratibu wa lazima ulipokiukwa, mahakama wakati mwingine huuliza kama kuna aliyedhurika kabla ya kubatilisha kilichofanyika. Hilo mwachie jaji. Wewe tekeleza kila penye *-ta-* kana kwamba hapana msamaha.

*Na* na *au* yanastahili kalamu ya rangi. Kwa kawaida "au" hutenganisha na "na" huunganisha, isipokuwa kama nia tofauti inaonekana. Mwombaji anayetakiwa kuwa na leseni, cheti *na* barua ya serikali ya mtaa anahitaji vitatu. Akitakiwa leseni, cheti *au* barua, kimoja kinatosha. Kiswahili huweka kiunganishi mwishoni tu mwa orodha, basi shuka hadi mwisho kwanza ndipo ujue vitu vya juu vimeunganishwa vipi.

5. Neno linajulikana kwa majirani zake

Tuseme sheria ndogo ya kijiji inakataza kuachia "ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na wanyama wengine" wazurure mashambani. Je, kuku wamo? Kuku ni mnyama kwa maana pana. Lakini orodha imetaja mifugo ya miguu minne inayochungwa, ndipo likaja neno pana. Kanuni ni kwamba neno pana lililofuata orodha ya vitu vya aina moja husomwa kwa aina hiyo. Ngamia atamezwa na maneno "wanyama wengine"; kuku na bata wana hoja ya kupona. Wanasheria hukiita kipimo hiki kwa Kilatini *ejusdem generis*, yaani wa jamii moja. Ili kifanye kazi lazima jamii ionekane. Ingeandikwa tu "ng'ombe na wanyama wengine", jamii ingekuwa vigumu kuitambua, na mabishano yangekuwa mengine.

Kanuni iliyo ndugu yake ni hii: kutaja kimoja ni kuacha kingine. Sheria ndogo ikisema ushuru wa soko utalipwa na wauza samaki na wauza mboga, muuza mitumba ana hoja kwamba hakutajwa. Hoja hiyo hufa pale orodha inapotanguliwa na maneno kama "ikiwa ni pamoja na", kwani hapo waliotajwa ni mifano tu.

6. Maneno yakiwa wazi, na yakiwa hayako wazi

Kanuni ya kwanza ya mahakama ni nyepesi: maneno yakiwa wazi, yape maana yake ya kawaida na uishie hapo, hata kama matokeo hayakufurahishi. Kazi ya kutunga ni ya Bunge.

Kanuni hii ikishikwa bila huruma huweza kuzaa kichekesho. Mwaka 1868, mahakama ya Uingereza ililetewa mtu aliyepiga kura kwa jina la marehemu. Sheria ilikataza kujifanya "mtu mwenye haki ya kupiga kura". Marehemu hana haki ya kupiga kura, wakasema majaji, na mshtakiwa akaenda zake.

Ndiyo maana ikaja kanuni ya pili: maana ya kawaida ikileta upuuzi ambao Bunge haliwezi kuwa liliukusudia, mahakama huilegeza kidogo, kiasi cha kuondoa upuuzi huo. Mwaka 1964, huko huko Uingereza, mtu alishtakiwa kwa kumzuia askari wa ulinzi "jirani na" eneo lililokatazwa. Alijitetea kwamba yeye alikuwa ndani kabisa ya kituo cha jeshi la anga, na aliye ndani hawezi kuwa jirani. Mahakama haikumsikiliza, maneno yakasomwa "ndani au jirani na".

Kesi za Uingereza zinatuhusu kwa sababu kanuni za mahakama zao, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ndizo zilizopokewa Tanganyika, na mahakama zetu zimejenga juu ya msingi huo.

Kanuni ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ni ya zamani kuliko zote: ilitamkwa na majaji wa Uingereza mwaka 1584. Inauliza maswali manne. Sheria ilikuwaje kabla ya hii mpya? Ni ubaya gani ambao sheria ya zamani haikuuponya? Bunge limeleta dawa gani? Na sababu ya dawa hiyo ni nini? Ukishajibu, soma maneno kwa namna inayoponya ugonjwa.

Kwetu, mfano ulio bora ni kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, na hukumu kuandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo wanandoa walizipata wakati wa ndoa kwa *juhudi zao za pamoja*. Bi. Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Alipika, akafua, akalea. Mshahara ulikuwa wa mume. Je, kupika ni juhudi ya kupata nyumba? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Baadhi walisema hapana, hizo ni kazi za kawaida za mke. Wengine walisema ndiyo.

Ukilitazama neno *juhudi* peke yake, pande zote mbili zina la kusema. Mahakama ya Rufani iliuliza ugonjwa: Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuja kuondoa nini? Ikajibu kwamba miongoni mwa mabaya iliyokusudiwa kuyaponya ni unyonyaji na ukandamizaji wa wanawake ndani ya ndoa. Basi neno *juhudi* lisomwe lichukue ndani yake na kazi za nyumbani. Bi. Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu, kwa sababu ya fedha za biashara ya familia alizokuwa amekabidhiwa na mumewe na ambazo mahakama iliona alizitapanya. Lakini kanuni ilibaki. Kila mama wa nyumbani anayedai mgawanyo leo anasimama juu yake, japo ukubwa wa mchango wake bado atauthibitisha kwa ushahidi.

Ukitaka kuujua ugonjwa wa sheria uliyoshika, anza na jina lake refu na utangulizi wake. Kisha tafuta madhumuni na sababu zilizoambatanishwa na muswada, na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya siku ulipojadiliwa. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati: hata miaka ambayo sheria zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza, wabunge wamekuwa wakijadili kwa Kiswahili, nawe utasikia hofu zao bila mkalimani. Ila kumbuka mpangilio: Hansadi ni ya kuangaza maneno yaliyo na giza. Yaliyo wazi hayageuzwi na hotuba ya waziri.

7. Penye adhabu, kodi na haki za msingi

Mkono wa kusoma haulingani kila mahali.

Sheria ya jinai husomwa kwa mkono mwembamba. Kosa lisiloandikwa wazi haliongezwi kwa kubahatisha, na shaka ya kweli kuhusu maana humnufaisha mshtakiwa. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda, au kumpa adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo wakati huo.

Kodi ni vivyo hivyo. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Haitoshi afisa kusema kwamba biashara yako "inafanana" na ile iliyotajwa.

Haki za msingi husomwa kwa mkono mpana, na vizuizi vyake kwa mkono mwembamba. Mwaka 2002, katika kesi ya Ndyanabo, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta ilikiangalia kifungu cha Sheria ya Uchaguzi kilichomtaka mlalamikaji aweke shilingi milioni 5 kabla shauri lake la uchaguzi halijapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Ilisema Katiba ni chombo hai, ikaona kwamba sharti lile lilifunga mlango wa mahakama kwa wasio na fedha, na ikalitengua.

8. Kuhesabu siku

Haki nyingi hupotea kwenye kalenda. Kifungu cha 60 cha Sura ya 1 kina kanuni tatu za kuwekwa mfukoni.

Kwanza, muda ukihesabiwa *kuanzia* au *baada ya* siku ya tukio, siku ya tukio haihesabiwi. Pili, sheria ikisema *angalau* au *zisizopungua* siku kadhaa kati ya matukio mawili, siku zote mbili za pembeni zinaachwa nje. Taarifa ya angalau siku 7 iliyotolewa tarehe 1 haitimii kabla ya tarehe 9. Tatu, siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, jambo linaweza kufanywa siku ya kazi inayofuata.

Jaribu kwa mfano. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tuseme ameachishwa Jumatano tarehe 4 Machi 2026. Siku ya kwanza ni tarehe 5. Machi inatoa siku 27, zinabaki 3, na ya thelathini ni tarehe 3 Aprili. Hiyo ni Ijumaa Kuu. Kesho yake ni Jumamosi, kisha Jumapili ya Pasaka, kisha Jumatatu ya Pasaka, kisha tarehe 7, Siku ya Karume. Siku ya mwisho inakuwa Jumatano tarehe 8 Aprili.

Ukishaihesabu hivyo, peleka fomu wiki ya kwanza. Hesabu hii ni ya kumwokoa aliyechelewa, usiipangie ratiba.

9. Sheria mbili zikigongana

Kabla ya kusema zinagongana, jaribu kuzisoma zisimame pamoja. Mahakama nayo huanza hivyo. Ikishindikana, ya ngazi ya juu inashinda ya chini. Zikiwa ngazi moja, ile inayolenga jambo lenyewe huishinda ile ya jumla, na ya baadaye huishinda ya awali. Sheria ikifutwa, haki ulizokwisha kuzipata chini yake hazifutiki nayo, isipokuwa sheria mpya imesema hivyo. Hilo limo katika kifungu cha 32 cha Sura ya 1.

10. Mahali pa kusimama

Kabla ya kufikia hitimisho lako, tafuta kama mahakama imekwisha kukisoma kifungu hicho. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote za chini, na unaweza kuwa umelipa neno maana ambayo wewe na kamusi yako msingeifikia.

Halafu andika maswali haya kwenye ukurasa mmoja na uyajibu kwa kalamu: Hii ni sheria gani, na inatumika tangu lini? Maneno makuu yamefafanuliwa wapi? Sentensi inaishaje? Ni *-ta-* au *anaweza*, *na* au *au*? Ilikuja kuponya nini? Mwisho wa muda ni tarehe ngapi?

Ukibakiwa na swali moja usilolijibu, hilo ndilo la kumpelekea wakili, au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Utakuwa umempelekea swali lililochujwa, naye atakujibu kwa dakika kumi badala ya siku mbili.

Na utakapomsikia tena mtu kijiweni akitangaza ndoa ya miezi sita, usibishane naye. Mfungulie kifungu cha 160 kwenye simu, mpe asome kwa sauti. Akifika kwenye "miaka miwili" na kutaka kukurudishia simu, mwambie aendelee. Bado hajafika kwenye nukta.